Mpiganaji wa Kuazimwa

Moustapha alizima pikipiki katikati ya daraja la miti bila kuambiwa.

"Mama Inspekteri, sikia kidogo."

Odile akavua kofia ya pikipiki, akageuka. Barabara nyuma yao ilikuwa tupu mpaka kwenye kona, udongo mwekundu na nyasi ndefu pande zote mbili. Ng'ambo ya kona injini zilikuwa zinanguruma, na haikuwa moja. Kisha zote zikanyamaza kwa pamoja.

"Tangu pale walipotuuzia mafuta ya chupa," Moustapha alisema. "Tukisimama, nao wanasimama. Nilifikiri ni watu wa biashara. Mutu wa biashara hasimamaka hivi. Yeye anapita."

"Ni ngapi?"

"Tano. Moja imefunga tairi ya gari huku nyuma, tairi ya zamani. Na gari hakuna njia hii yote."

Wote wawili walijua tairi kuukuu na chupa ya petroli vinatumika kwa kazi gani watu wakimkamata mtu wanayemwita mchawi.

Moustapha alikuwa mtu wa miaka hamsini, aliyeendesha abiria kati ya Kasongo na Kabambare kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote. Polisi walimkodi kila kesi ilipovuka mpaka wa teritwari, yaani wilaya, maana wao wenyewe hawakuwa na pikipiki. Siku hiyo hawakuwa na bunduki pia. Kituo kilikuwa na bastola moja, na kamanda alikuwa ameondoka nayo kwenda Kindu. Simu zilikuwa zimekosa mtandao tangu saa tatu asubuhi.

"Wanatutaka sisi?" Moustapha aliuliza.

"Hapana. Wanataka tuwaonyeshe nyumba."

Kesi ilikuwa imeanza Jumapili mchana, kwenye uwanja wa mpira wa Kasongo. Waandaaji walijenga ulingo wa mbao, wakauzungushia wavu, na watu wakajaa kuona MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Katika pigano la mwisho Muzaliwa, kijana wa huku Kabambare aliyekuwa hajashindwa hata mara moja, alipambana na Katembo, mtu wa Beni, miaka thelathini na sita. Kati ya pigano na pigano Katembo alichimba dhahabu upande wa Salamabila. Raundi ya pili akaanguka. Saa kumi na moja akafa kitandani bila kufumbua macho.

Jumatatu neno lilikuwa limekwisha kuenea kwamba Muzaliwa alipanda ulingoni na kitambaa cheusi kimefungwa mkononi, na ndani ya kitambaa mlikuwa na dawa ya kuua. Aliyekiona ni Faradji, mwalimu wa Katembo. Faradji aliwaambia wachimbaji wenzake marehemu, na Jumanne wachimbaji wakachoma chumba alichopanga Muzaliwa. Mwenyewe hakuwamo.

Jana Odile alimwuliza Faradji kama anajua ndugu za Muzaliwa wanakaa wapi. Faradji akasema hajui. Odile akafunga mfuko wake bila kumwambia kwamba yeye anajua: kwenye karatasi ya kujiandikisha, Muzaliwa alikuwa ameandika jina la mtu wa kuarifiwa, Aziza, mama mudogo, kijiji cha Wamaza. Faradji aliutazama mfuko ule kwa muda mrefu. Odile alifikiri ni huzuni.

"Tunaweza kuingia katika mihogo, wapite," Moustapha alisema.

"Wakipita watafika Wamaza mbele yetu, wataulizia. Mutoto yeyote atawaonyesha." Alivaa kofia. "Unaweza kuwaacha nyuma kiasi gani?"

"Nusu saa. Kama Mungu anapenda na kama tairi inakubali."

"Endesha."

Moustapha akaendesha. Odile alishika chuma cha nyuma kwa mikono miwili, mfuko ukiwa kati ya kifua chake na mgongo wa Moustapha. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili alivyovichukua kama ushahidi: daftari la Katembo, na karatasi ambayo Faradji alitia sahihi kabla ya pigano kwamba mpiganaji wake ni mzima wa afya. Hakuna daktari aliyeulizwa. Waandaaji walitosheka na karatasi.

Lile daftari alikuwa amelisoma mara nne. Kila pigano lilikuwa na karatasi yake: namba, tarehe, mji, jina la mpinzani, matokeo, na neno moja au mawili chini. Goma, Bukavu, Uvira, Bujumbura, Kigoma. Katembo alishinda tisa na kushindwa ishirini. Alikuwa mtu anayeitwa wakati mtu mwingine amekosekana, au wakati mvulana fulani anayetegemewa anahitaji mzee wa kumshinda mbele ya watu. Alisafiri siku mbili juu ya malori, akapigwa, akarudi shimoni. Chini ya pigano la kumi na saba aliandika: "Alinishinda kwa haki." Chini ya la ishirini na nne: "Mkono umevunjika, lakini nilisimama mpaka kengele."

Karatasi ya mwisho, ile ya Kasongo, aliiandika mapema na kuacha nafasi ya matokeo. Namba yake ilikuwa thelathini na moja. Iliyotangulia ilikuwa ishirini na tisa. Kati yao, kwenye uzi wa daftari, palibaki kipande chembamba cha karatasi iliyochanwa.

Faradji alikuwa amesema, na Odile aliandika kama alivyosema, kwa sahihi yake: "Miezi mitano hakupanda ulingo. Alikuwa anachimba tu."

Halafu kulikuwa na Cécilia, muuguzi aliyemvua marehemu nguo. Cécilia alimwita Odile pembeni, akasogeza nywele za marehemu na kidole chenye glavu. Juu ya jicho la kushoto palikuwa na kovu jipya, waridi bado, na alama za nyuzi saba.

"Hii siyo ya Jumapili," Cécilia alisema. "Iko na siku kumi na mbili, kumi na ine. Na mutu aliyetoa nyuzi hakuwa muuguzi. Alizivuta."

Wamaza ilikuwa imefunga milango saa nane mchana. Vibanda vya sabuni na chumvi vilikuwa vimefungwa. Mwanamke aliyekuwa anatwanga akaacha mchi kwenye kinu na kuingia ndani. Habari za Kasongo zilikuwa zimefika mbele yao.

Nyumba ya Aziza ilikuwa ya mwisho, karibu na mashamba ya mpunga. Aziza mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni na ungo, anachagua mchele usiokuwa na uchafu wowote. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani.

"Jambo, mama," Odile alisema.

"Jambo sana. Karibu. Hakuna mutu hapa."

"Sijauliza mutu."

Mikono ya Aziza ikasimama juu ya ungo.

"Mama Aziza, mimi ni Odile, polisi wa Kasongo. Nyuma yangu kuna watu kumi, na watafika sasa hivi. Mimi niko moja. Kama nitasikia maneno ya Muzaliwa mbele hawajafika, pengine nitaweza kuwaambia kitu. Kama sitamusikia, sina kitu."

Aziza alimtazama Moustapha, kisha vumbi barabarani. Akasimama, akaingia ndani, na Odile akasikia akisema kwa Kibangubangu, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Juu, darini walipoweka mpunga, mbao zililia.

Muzaliwa alishuka akiwa na makapi ya mpunga mpaka kwenye kope. Alikuwa na mabega mapana, na meno yalikuwa yanagongana. Hakukaa mpaka Aziza alipomshika bega na kumkalisha kwenye mkeka.

"Kitambaa," Odile alisema. "Kiko wapi?"

Aliunyoosha mkono. Kilikuwa bado pale. Odile akakifungua kwa ncha ya kalamu. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi chenye maandishi ya Kiarabu, kimekunjwa mara nne.

"Ni sura ya Kurani," Aziza alisema. "Aliandikiwa hapa hapa muskiti, wakati alizaliwa. Mama yake alimuachia."

"Katembo ulimujua zamani?"

"Nilimuona ile siku tu," Muzaliwa alisema. "Tulivaa katika darasa moja la shule. Pale uwanjani hakuna vyumba vya kuvalia."

"Alikuambia kitu?"

Muzaliwa alifunga macho. "Alikuja kukaa karibu yangu. Akanifunga bendi ya mukono, ile ya ndani ya glavu, akasema yangu imefungwa vibaya. Iko mutu mupole. Halafu akasema polepole: 'Mudogo, kule Kalemie wamenilaza, nilikaa chini muda murefu. Kichwa haijakuwa sawa. Leo unichukue chini, unikabe, mimi nitagonga mbao kwamba nimeshindwa, wewe utashinda. Usinipige tu kichwa.'"

"Alisema lini, ya Kalemie?"

"Alisema wiki mbili."

Odile aliandika. "Na wewe ulifanya nini?"

"Nilienda kuuliza watu wangu. Walicheka. Walisema ni akili ya wazee, anataka niogope kupiga." Aliutazama mkono wake. "Raundi ya kwanza nilimuchukua chini mara mbili, hakugonga. Nikafikiri, kweli alinidanganya. Raundi ya pili niliona hashiki mukono wa kushoto juu. Kama hakuona upande ule. Nikapiga."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Nje, Moustapha aligonga ukuta kwa kiganja. Hakuhitaji kusema. Sauti ya injini ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani, na vikombe vilikuwa vinatikisika kwenye sinia.

"Panda juu," Odile alisema. "Usishuke hata ukisikia nini."

Alitoka na kusimama kwenye kizingiti, Moustapha kulia kwake. Pikipiki tano ziliingia uani na kukanyaga mchele wa Aziza. Wanaume kumi. Walikuwa na mipini ya sururu na mawe, na mmoja alikuwa tayari anafungua kamba ya tairi. Faradji alikuwa kwenye pikipiki ya mwisho, katika fulana ileile ya kijani ya Jumapili. Hakushuka mpaka wengine wote waliposhuka.

Aliyekuja mbele alikuwa jitu la mtu mwenye udongo wa shimo kwenye nywele. Odile alimjua, alilia kituoni Jumatatu mpaka akatolewa nje. Waliitwa shimo moja, yeye na Katembo, kwa sababu walichimba pamoja. Jina lake Kadogo.

"Inspekteri, toka mulangoni. Wewe hatuna neno na wewe."

"Mimi niko na neno na nyinyi. Moja tu. Nikimaliza mutafanya munavyotaka, siwezi kuwazuia. Munaona sina bunduki."

"Sema mbio."

"Faradji," Odile alisema. "Ile kidonda juu ya jicho la kushoto la Katembo. Muzaliwa alimupasua?"

Watu wakageuka. Faradji alipangusa mdomo. "Ndiyo. Pale pale, na ile dawa yake. Damu ilitoka nyingi."

"Na nyuzi saba, nani aliweka?"

"Kule kwa wauguzi."

"Muuguzi anasema hakushona. Mutu alianguka saa tisa na nusu, alikufa saa kumi na moja. Muuguzi alimukuta na kovu ilikwisha kukauka, na nyuzi zilikwisha kutolewa. Kadogo, wewe ni muchimbaji, unajua vidonda. Kidonda inakaukaka kwa saa moja na nusu?"

Kadogo alitazama vidole vyake vyenye makovu. Jiwe lilikuwa bado mkononi mwake.

"Mimi nilimuuliza Faradji kama Katembo alipigana hii miezi. Aliniambia alikuwa anachimba tu, hakuenda popote. Iko hapa, na sahihi yake. Wewe ulikuwa naye shimoni. Wiki mbili zilizopita alikuwa wapi?"

Upepo ulipita kwenye mpunga. Mtu mmoja aliyekuwa nyuma alikohoa.

"Alikuwa Kalemie," Kadogo alisema polepole. "Alienda na Faradji. Alirudi na plasta hapa." Aligusa nyusi yake mwenyewe. "Faradji alituambia moto, ile pikipiki yake, iliwaangusha njiani."

"Halafu?"

"Halafu alikuwa anatapika. Asubuhi mbili hakuingia shimoni. Alisema jua inamuumiza." Kadogo alimgeukia Faradji. "Ulituambia ni moto."

"Ndugu, huyu mwanamuke anachanganya..."

"Mimi ulinidanganya ni moto, Inspekteri ulimudanganya hakuenda. Kalemie mulifanya nini?"

Faradji alirudi nyuma hatua moja, na mgongo wake ukakuta kifua cha mtu aliyeshika tairi. Hakuna aliyemgusa. Walimfungia njia tu, taratibu, kama watu wanaozingira mbuzi aliyekata kamba. Odile aliona jambo lilelile alilolihofia tangu darajani, ila sasa lilikuwa limegeuza uso. Mtu mmoja alifungua kizibo cha chupa.

Alitembea katikati yao. Alitoa pingu mfukoni, akafunga pete moja kwenye mkono wa Faradji na ya pili kwenye mkono wake mwenyewe, na ufunguo akautupa kwa Moustapha, aliyeudaka.

"Mukimuwasha," alisema, "munawasha wawili."

"Inspekteri, jiondoe," Kadogo alisema. Alikuwa analia sasa. "Ule mutu alikuwa kaka yangu. Miaka nane shimo moja."

"Ninajua."

"Haujui kitu."

Jiwe la kwanza likatoka nyuma, likapita juu ya kichwa cha Odile na kuvunja mtungi wa maji wa Aziza. Faradji akajikunja na kumvuta chini naye. Odile alikuwa na goti moja kwenye udongo aliposikia mlango.

Muzaliwa alikuwa ametoka. Aziza alimshika shati kwa nyuma, shati likachanika, akaendelea kutembea mpaka alipofika mbele ya Kadogo. Makapi yalikuwa bado usoni. Alikuwa anatetemeka kiasi kwamba maneno yalikatika katika vipande.

"Yaya, kaka mukubwa. Nilimupiga mimi. Si dawa. Ni huu mukono. Aliniomba nisimupige kichwa, na mimi nilimupiga. Kama munatafuta mutu, ni mimi. Lakini aliniomba kwa sababu ya Kalemie. Hiyo ni kweli ya Mungu."

Kadogo alimwangalia. Alikuwa mrefu kuliko yeye kwa kichwa kizima, na jiwe lilikuwa limepanda mpaka usawa wa bega. Odile alihesabu pumzi, hakuwa na kingine cha kufanya. Alifika sita.

"Alikuomba?" Kadogo aliuliza.

"Ndiyo."

"Katembo hakuombaka mutu kitu. Miaka nane." Mkono ukashuka. "Alikuwa anaogopa, basi."

"Alikuwa anaogopa sana."

Kadogo akaliachia jiwe. Akakaa chini pale pale, juu ya mchele, akafunika uso. Wengine walitazamana. Mwenye chupa akarudisha kizibo. Hawakuondoka, lakini mmoja baada ya mwingine walichuchumaa, na uani pakawa kimya kama penye msiba.

Odile hakungoja. Alijua kimya cha namna hiyo kinaweza kuvunjika wakati wowote. Alimvuta Faradji mpaka kwenye kizingiti cha Aziza, akamkalisha, na Moustapha akamshikia daftari la polisi.

"Sema sasa, na wao wanasikia. Ukidanganya watajua mbele yangu. Kalemie."

"Walimulaza raundi ya kwanza," Faradji alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Alilala pale mpaka wakamumwagia maji mara tatu. Dokta wa ulingo alinipa barua. Siku sitini asipigane, hata mazoezi. Niliichoma. Na ile karatasi ya daftari nilichana mimi, Jumapili, wakati walimubeba."

"Nyuzi?"

"Nilitoa mimi. Ili wasione."

"Na kitambaa cheusi?"

Faradji alitazama chini. "Watu wa Beni waliniangalia pale uwanjani. Wote waliniangalia. Niliogopa. Nikasema kitu cha kwanza niliona."

Odile aliandika yote, kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umefungwa. "Aliyetaka kupigana Kasongo ni nani? Yeye ao wewe?"

"Yeye. Alipenda sana..." Akanyamaza. Kadogo alikuwa ameinua uso. "Hapana. Nitasema kweli. Alikataa. Alikataa siku mbili. Alisema anaona vitu viwili viwili, anataka kurudi Beni alime. Nilimuambia, mutu ameshindwa mara makumi mbili na sasa anaogopa mutoto mumoja wa Kabambare. Nilimuambia mbele ya watu, pale kwa mama wa chai. Walicheka. Asubuhi yake akaja na kiatu chake, akasema twende."

Aziza alikuwa ameingia na kutoka na kanga, akaitandika mabegani kwa Muzaliwa.

Odile alisoma maelezo kwa sauti kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama sheria inavyotaka, kisha akageuza daftari na kumpa Faradji kalamu. "Hapa chini. Jina lote."

Faradji aliishika kalamu, ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Odile alimshika mkono kumsaidia, na mnyororo kati yao ukaanza kulia, mfululizo, sauti ndogo ya chuma. Alingoja utulie. Haukutulia, na alipouangalia hakuweza kujua ni mkono wa nani uliokuwa unautikisa.